Madaftari Manne na Mshono: Kumsoma Buchi Emecheta kwa Macho ya Mzazi

Chukua jarida lolote la vijana wanaoandika, fungua ukurasa wa mashairi, halafu uhesabu yale yanayoitwa "Mama" au "Nani kama Mama". Hutatoka mikono mitupu. Miezi tisa tumboni, titi, mbeleko, usiku wa kutolala, ahsante mama, siwezi kukulipa. Sina ugomvi na shukrani. Ugomvi wangu ni kwamba mama katika mashairi hayo haongei, anaongelewa. Anayeshika kalamu ni mtoto, tena mtoto aliyekwisha kuota ndevu, na mama mwenyewe amekwisha kuwa bibi mwenye mvi, amekaa mkekani, kazi yake kubariki. Yule msichana wa miaka ishirini na mbili aliyejifungua juzi, ambaye mshono unamvuta akikohoa, maziwa yamejaa mpaka kifua kimekuwa jiwe, na mwezi wa sita ana mtihani, huyo hayumo. Hana beti hata moja.

Penina Muhando aliligusa jambo hili katika tamthilia yake Nguzo Mama (1982). Mama kageuzwa nguzo, na kuisimamisha nguzo yenyewe ni kasheshe. Lakini nguzo haina mwili. Haitoki damu, haipandi homa. Mimi nautafuta mwili.

Mtu ataniambia: vipi Mwana Kupona? Haya, tumwangalie. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu, katika kisiwa cha Pate. Alikuwa mgonjwa. Anasema mwenyewe mwanzoni kabisa kwamba maradhi yamemshika hata umetimia mwaka, na anamwita bintiye asogee na wino na karatasi. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito kuliko mawaidha yote yanayofuata: mama mgonjwa, kitandani, anadai wino. Shuleni tulifundishwa kujadili kama mawaidha yale yanamkandamiza mwanamke au yanamlea, na mjadala huo utaendelea mpaka kiama. Hatukuulizwa hata siku moja: huyu mama aliandikaje na hali ile? Ila hata yeye anasema kama mtu anayeaga. Binti amekwisha kukua, kazi ya kulea imeisha, kilichobaki ni wosia. Mama anayeanza, ambaye bado hajui kama atafika kesho na akili zake timamu, hatumpati pale.

Mimi nimempata mbali kidogo, London, katika riwaya ya Mnigeria Buchi Emecheta, Second-Class Citizen, iliyotoka mwaka 1974. Si kitabu kipya, najua. Wengine mtakuwa mmekiona kwenye rafu za maktaba kimechakaa jalada. Nakihakiki leo kwa sababu katika kikundi chetu cha uandishi kimezua ubishi ambao haujaisha, na kwa sababu nimekisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na mtoto wa miezi minne mapajani. Si kitabu kile kile, wallahi.

Kwa ambaye hajakisoma, hadithi ni hii. Adah ni msichana wa Kiibo aliyekulia Lagos, mwenye kiu ya shule tangu utoto. Anasoma kwa nguvu zake, anapata kazi nzuri katika maktaba ya ubalozi mdogo wa Marekani, anaolewa na Francis. Francis anatangulia Uingereza kusoma uhasibu, kwa pesa za mkewe, na Adah anafuata na watoto wawili, Titi na Vicky. Huko wanakuta mabango ya vyumba vya kupanga yanayosema weusi hawatakiwi. Francis hafaulu mitihani, hafanyi kazi, anapiga. Adah anafanya kazi maktaba na anazaa, anazaa na anafanya kazi maktaba. Emecheta hakwenda mbali kuitafuta hadithi hii. Alizaliwa Lagos mwaka 1944, akaolewa akiwa na miaka 16, akaingia London mwaka 1962, na alipofika miaka 22 alikuwa na watoto watano na ndoa iliyovunjika. Alifariki London Januari 2017, baada ya kuacha vitabu karibu ishirini.

Sasa twende kwenye uzazi wenyewe, maana hapo ndipo wahakiki wengi wanaruka mbio kwenda kwenye ubaguzi wa rangi na ukandamizaji wa mwanamke. Mimba ya tatu inakuwa ngumu. Mtoto, Bubu, hatoki kwa njia ya kawaida. Adah anapasuliwa. Emecheta haandiki upasuaji ule kama ushujaa. Anaandika mipira iliyochomekwa mwilini, kulala chali usiweze kugeuka, na akili inayokwenda na kurudi kama redio iliyoishiwa betri. Halafu, na hapa ndipo nilipoweka kitabu chini nikapumua, anaandika gauni la kulalia.

Wodini wanawake wengine wana magauni yao ya kulalia waliyoletewa na waume zao, wana maua, wana kadi. Adah hana. Amevaa lile vazi la hospitali. Mtu aliyetoka kupasuliwa tumbo analala pale akiona aibu ya nguo. Mhakiki wa kiume mmoja tuliyekuwa naye kikundini aliniambia sehemu hiyo ni "ya kipuuzi", eti inapunguza uzito wa maudhui. Kha! Hiyo ndiyo maudhui yenyewe. Maumivu ya mshono ni ya wote waliopasuliwa pale wodini. Lakini gauni linasema ni nani ana mtu wa kumjali nje ya mlango. Emecheta hakuhitaji kueleza kwa kurasa tano kwamba ndoa ya Adah imekufa. Ameianika kwa kipande kimoja cha kitambaa. Sisi tunaojifunza kuandika tungeiba hapo, badala ya kuiba misamiati mizito.

Nikaanza kulinganisha na kwetu. Kiswahili kina neno ambalo Kiingereza cha Adah hakina: mzazi. Mzazi ni baba au mama yeyote, sawa, lakini ukisema "nyumba ile kuna mzazi" kila mtu wa pwani anajua unamsema nani, ni yule aliyejifungua majuzi. Ana cheo chake kwa siku arobaini. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa mkaja, anapikiwa uji wa pilipili manga, na wala hashiki ufagio. Kuna bibi au shangazi anayehamia na kanga zake. Wapo wanaoucheka utaratibu huu kama mambo ya kizamani, na yapo ndani yake ambayo hata manesi hawayapendi, maji ya moto kupita kiasi kwa mfano, hasa kwa aliyeshonwa. Lakini uutazame kama mtu anayetafuta muda wa kuandika. Arobaini ni mkataba: jamii nzima imekubali kwamba mwili huu umefanya kazi kubwa na sasa upumzike.

Adah hana arobaini. Hana mama, hana shangazi, na wapangaji wenzake wanamchunguza kuliko wanavyomsaidia. Na tusidanganyane, ndugu msomaji, dada wengi wa mjini leo wanaishi kama Adah kuliko kama bibi zao. Chumba kimoja cha kupanga, mama mzazi yuko mkoani, mume yuko kazini au hayupo kabisa. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Arobaini mbili na chenji. Ya Kenya ya 2007 inatoa miezi mitatu. Ni kitu, sikatai. Ila muuza chapati, mama ntilie, msusi wa nywele, mwandishi asiye na mwajiri, hao likizo yao wanaisikia redioni. Siku ya kumi yuko jikoni na mtoto mgongoni.

Na kuna ugonjwa ambao hata arobaini haiuoni. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitaja kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke mmoja kati ya watano waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Mmoja kati ya watano! Weka hesabu hiyo kando ya yale mashairi ya "Nani kama Mama". Wa tano wetu yuko wapi kwenye fasihi? Akilia bila sababu tunasema kashikwa na mashetani, au ana deko, au hampendi mtoto. Emecheta hana jina la kitabibu la kumpa Adah, wala hakulihitaji. Anamwacha alie wodini, mchana, mbele ya wanawake wenye maua.

Sehemu ya kliniki ni fupi nami nitaipitia haraka, ingawa ndiyo iliyowagawa watu kikundini. Adah anataka kuzuia mimba nyingine. Fomu inadai saini ya mume. Anaighushi, anapewa kile kikofia cha kuzuia mimba. Francis anajua, kipigo kinafuata, na nyumba nzima inaitwa isikilize kosa la mke. Halafu inagundulika kuwa mimba ilikwisha kuingia. (Mtoto wa nne huyo anaitwa Dada. Msomaji wa Kiswahili hawezi kujizuia kutabasamu.) Wapo waliosema Adah alikosea kughushi. Mimi nasema hebu tuulize saini ya nani ilikuwa mwilini mwake kabla ya hapo. Basi, tuendelee.

Tufike kwenye madaftari. Katika maktaba ya Chalk Farm, Adah anakutana na Bill, Mkanada, anayemfungulia waandishi weusi, James Baldwin mmojawapo. Baadaye, baada ya mtoto wa nne, Adah anakataa kurudi kazini mara moja. Francis anasukumwa hadi anapata kazi ya posta. Adah anabaki nyumbani na watoto wanne, wote wadogo, na hapo ndipo anaandika. Ananunua madaftari manne ya shule na kuyajaza riwaya, watoto wakilala. Anaiita The Bride Price. Bill na mwenzake Peggy wanasoma, wanasema inafaa kupigwa chapa, wanaiita mtoto wa ubongo wake. Adah anarudi nyumbani na furaha ya mtu aliyejifungua salama. Francis anaitia moto. Yote. Anasema wazi kwamba amechoma kwa sababu ukoo wake usingefurahi mke kuandika vitu kama vile.

Wengi wanaisoma sehemu hii kama kilele cha ukatili wa Francis, na ni kweli. Lakini turudi nyuma kurasa chache. Kitabu kile kiliandikwa lini? Si wakati Adah alipokuwa akikimbizana kati ya maktaba, mlezi wa watoto na jiko. Wala si wakati Vicky alipolazwa kwa homa ya uti wa mgongo, baada ya yule mlezi wa kulipwa kuwaacha watoto wachezee penye takataka. Kiliandikwa katika miezi michache ambayo mtu mwingine alileta mshahara. Hapa nawaomba waandishi chipukizi wasimame kidogo. Tunapenda hadithi za "aliandika licha ya yote". Zinatia moyo. Ila zinaficha hesabu. Emecheta, kwa bahati nzuri, hakuificha. Ametuachia ndani ya riwaya risiti kamili ya gharama ya madaftari manne: mshahara mmoja usio wake, watoto wanaolala mchana, mwili uliopona mshono, na watu wawili kazini wa kumsomea mswada.

Mwandishi wa Kimarekani Alice Walker aliandika makala kuhusu riwaya hii mwaka 1976, ambayo baadaye iliingia katika kitabu chake cha insha cha 1983. Hoja yake imo katika kichwa cha makala yenyewe: kwamba huyu ni mwandishi kwa sababu ya watoto wake, si licha yao. Anaanzia kwenye tabaruku ya riwaya. Emecheta anawatolea kitabu watoto wake watano na kusema, kwa maneno yangu mimi, kwamba bila kelele zao tamu za pembeni kisingeandikwa. Walker anaipenda tabaruku hiyo, na mimi naipenda. Inapindua lile wazo la Ulaya kwamba mwandishi lazima afungiwe chumbani peke yake. Adah haoni ajabu kuandika katikati ya watoto, kama vile bibi zetu hawakuona ajabu kutwanga na kuimba.

Ila nina mashaka na namna tunavyoitumia. "Kelele tamu" ameziita mtu aliyekwisha kumaliza kitabu. Ukiwa katikati ya ukurasa wa tatu, mtoto ana homa na kidonda chako kinafukuta, hakuna utamu. Na kijana mmoja kikundini alikwisha kuligeuza neno hilo kuwa fimbo: akamwambia dada mmoja aliyeacha kuleta hadithi tangu ajifungue kwamba "mbona Emecheta alikuwa na watano?" Yule dada hakujibu. Ana presha iliyoanza mimba ikiwa ya miezi saba na haijashuka. Anakwenda kliniki kila wiki mbili, na alikuwa nusu ya njia katika riwaya ambayo sisi wote tulikuwa tukiisubiri. Huyo kijana amesoma tabaruku, hajasoma kitabu. Emecheta hakuandika kuthibitisha kwamba inawezekana kwa kila mtu. Ameandika inavyouma na inavyogharimu, na kilivyopotea kitu ambacho hakikurudi.

Mwingine, mzee kidogo kuliko sisi, akasema: bibi zetu walizaa kumi na hawakulalamika kwenye vitabu. Ndiyo, Mzee wangu, ndiyo maana hatujui walipitia nini.

Nisije nikaonekana namsifu tu. Kifani riwaya ina kasoro, na mwandishi anayejifunza azione. Francis ni mhusika bapa. Anaingia ukurasani akiwa mbaya na kutoka akiwa mbaya, na zile nukta chache ambapo tunaona woga wa kijana aliyeshindwa mitihani ughaibuni zinaachwa zife. Msimulizi ana ulimi mkali kwa Wanigeria wenzake, hasa wenye nyumba na wapangaji, mpaka wakati mwingine unahisi dharau. Mwisho nao umeharakishwa. Mahakamani Francis anakana ndoa na kukana watoto, Adah anasema watoto ni wake, na hiyo ni sehemu kali ajabu. Kumbe haijaisha: anatokea mtu wa kwao kwa sadfa, analipia teksi, pazia linaanguka. Sadfa ya namna hiyo tukiikuta kwenye riwaya za mitaani tunaicheka, basi tusiionee haya hapa. Lugha kwa upande mwingine ni nyepesi, ya kusimulia, ina utani hata penye kipigo. Huo utani ndio unaomuokoa msomaji asizame.

Anayetaka kujua Adah aliishia wapi asome In the Ditch, iliyotangulia kuchapishwa, mwaka 1972, baada ya sehemu zake kutoka katika gazeti la New Statesman. Humo Adah yuko katika nyumba za halmashauri, anaishi kwa posho ya serikali, kati ya wanawake wengine wasio na waume, na anasoma sosholojia. Ni kitabu kidogo, hakina makali ya kile cha pili, ila kina kitu ambacho Second-Class Citizen hakina: majirani. Mama mmoja anamshikia mwenzake mtoto, mwingine anagawa makaa. Arobaini ya maskini, ukipenda kuiita hivyo.

Nimemwambia yule dada wa kikundi chetu asiturudishie daftari lake. Tumekubaliana wenzake watatu kushika zamu za Jumamosi, mtoto kwetu, yeye alale au aandike, tusimwulize amefanya lipi. Wiki mbili za kwanza amelala.

Na ile The Bride Price iliyochomwa? Emecheta aliiandika upya, ikachapishwa mwaka 1976, karibu miaka kumi baada ya majivu. Mhusika wake mkuu ni msichana, Aku-nna, anayekimbilia kwa mwanamume anayempenda, mahari ikakataliwa. Anapata mimba akiwa mdogo, mwili umedhoofu. Mila ya kwao inasema bibi harusi ambaye mahari yake haikulipwa hufia uzazini, na daktari ana maelezo yake mengine ya mwili usiokomaa. Emecheta hachagui kati ya hayo mawili. Aku-nna anafariki akijifungua, anaacha binti, na binti anaitwa Joy, yaani Furaha. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1979, ikatoka riwaya yake inayosomwa kuliko zote, na akaipa jina The Joys of Motherhood.